Uchambuzi wa kisa: khanga ya siku ya kwanza iliyofika wiki ya 12

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea kwenye kituo cha afya kimoja cha nyanda za juu kusini mwa Tanzania, msimu wa baridi. Mimi ni muuguzi mkunga katika kliniki ya mama na mtoto. Mama mwenyewe ameridhia wengine wajifunze kwake. Nimeondoa majina, mwaka, kijiji na kituo, na nimebadilisha mambo madogo ya familia yasiyogusa somo.

Nakiandika kwa ajili ya wauguzi wenzangu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wazazi wanaolea maeneo ya baridi. Katika kisa hiki hakuna mzazi mzembe. Mtoto alifungwa nguo kwa mapenzi na kwa ushauri uliokuwa sahihi siku ulipotolewa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyesema ushauri ule unaishia lini.

Familia na malezi ya nyumbani

Mama ana miaka 21, na huyu ni mtoto wake wa kwanza. Baba anafanya kazi mkoa mwingine na hurudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo mama alikuwa akilelewa uzazi kwa wakwe zake. Mtoto ni wa kike. Alitanguliza makalio, akazaliwa kwa upasuaji mimba ikiwa na wiki 39, kilo 2.8.

Wodini mama alionyeshwa namna ya kumfunika: kofia, soksi, khanga mbili, kisha blanketi juu, "baridi ya huku isimpige." Hapo hakuna kosa. Kichanga cha siku za mwanzo hupoteza joto haraka sana, na kupoa kunaweza kumuua. Ndiyo maana tunahimiza akaushwe mara tu anapozaliwa, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, na asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita.

Nyumbani kwa wakwe ni nyumba ya tofali na bati, haina dari. Mwezi wa sita na wa saba, usiku huko mtu anaona pumzi yake mwenyewe. Bibi wa mtoto, ambaye ameshalea watoto saba, alishika malezi kama inavyotarajiwa. Kila jioni mtoto alioga maji ya moto, akapakwa mafuta, kisha akafungwa. Mikono ilinyooshwa ubavuni, miguu ikanyooshwa na kubanwa pamoja asije akapata matege, khanga ikazungushwa hadi shingoni, halafu juu yake ukafungwa mkanda uliochanwa kwenye khanga kuukuu. Alilazwa ubavu na mto mgongoni ili akicheua maziwa yasimpalie. Alilala katikati ya mama na bibi, chini ya blanketi lao. Jiko la mkaa lilikaa chumbani hadi wote wamepitiwa na usingizi.

Na mtoto alilala kweli, saa nne hadi tano bila kuamka. Hili tusilipuuze, kwa sababu ndilo linalofanya familia ziendelee. Mtoto mchanga hushtuka: mikono inaruka yenyewe, anajiamsha, analia. Nguo inayomkumbatia huzuia mshtuko huo. Mama mwenye mshono wa upasuaji akipata saa nne za usingizi, hamtamshawishi kwa urahisi kwamba kitu kilichompa usingizi huo kina hatari.

Chanjo za wiki ya 6 na ya 10 alizipata kwenye kituo kingine kilicho karibu na nyumbani kwao mama. Kadi yake ilikuwa safi. Uzito ulikuwa kilo 4.1 wiki ya 6 na kilo 4.7 wiki ya 10. Mara zote mbili mtoto alifunguliwa mbele ya mhudumu, akachomwa sindano pajani, akafungwa tena vilevile. Mama anasema hakuna aliyemuuliza chochote kuhusu kufunga. Namwamini, kwa sababu kwenye kadi hakuna sehemu inayomkumbusha mhudumu aulize.

Usiku wa tukio

Kwa kama wiki moja mama alikuwa ameona jambo jipya. Mchana, akimlaza chali kwenye mkeka, mtoto anainua miguu yote miwili, anaiangusha upande mmoja, na kiuno kinafuata. Alifurahi, akamwonyesha bibi, wakacheka pamoja. Hakuna aliyelihusisha na khanga ya usiku.

Saa tisa usiku mama aliamka kwa sababu matiti yalikuwa yamejaa. Alipopapasa gizani mkono wake ulikutana na fundo la mkanda, ambalo kwa kawaida hukaa mgongoni. Mtoto alikuwa kifudifudi, uso ndani ya blanketi, kimya. Akamgeuza kwa nguvu. Mtoto akavuta pumzi ndefu, kisha akalia. Mama anasema hakubadilika rangi kuwa bluu, ila alikuwa mwekundu na amelowa jasho.

Kulipokucha mwili wake ulikuwa wa moto. Bibi akaamua ni homa, akamwongezea blanketi la safari, wakapanda bodaboda kuja kituoni.

Alivyofika kituoni

Bibi ndiye aliyempakata. Nilimwamkia, nikamwomba ruhusa ya kumfungua mjukuu wake pale mezani, yeye mwenyewe akisaidia. Tulitoa shali, blanketi la manyoya, mkanda, khanga ya kwanza, khanga ya pili, ovaroli, sweta, fulana, na kofia mbili. Nywele zilikuwa zimegandana kwa jasho. Harara zilijaa kwenye mikunjo ya shingo na makwapa. Kwenye mapaja yote mawili kulikuwa na alama nyekundu ya mkanda, imenyooka kama imepigwa kwa rula.

Mkono wa kulia ulipopata nafasi tu, ngumi ilienda mdomoni, akaanza kuinyonya na kugeuza kichwa akitafuta titi. Mama akasema, "Kumbe ana njaa? Mbona nyumbani haonyeshi?" Nyumbani asingeweza kuonyesha. Mkono mdomoni ni dalili ya mwanzo ya njaa, na mikono yake ilikuwa imefungwa ubavuni.

Joto la kwapani lilikuwa 37.9.

Maamuzi, na kwa nini

*Je, ni homa au ni nguo?* Kwa wingi wa nguo zile ilikuwa rahisi kumaliza kesi palepale. Sikukubali. Mtoto aliyezidishiwa nguo anaweza kupanda joto, lakini mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye maambukizi makali naye anaweza kuja na joto hilohilo na sura hiyohiyo ya uchovu. Tulimwacha na fulana na ovaroli tu, akanyonya, tukahesabu pumzi zake kwa dakika nzima alipotulia: 42. Hakuwa akibonyea kifua wala kukohoa, na hakuwa na historia ya degedege au kutapika kila kitu. Oksijeni ilikuwa asilimia 96. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha vimelea. Baada ya dakika 40 joto lilikuwa 37.1, na baada ya saa mbili 36.9. Tabibu alimpima pia, tukakubaliana abaki kituoni hadi alasiri na arudi kesho yake asubuhi hata kama ni mzima. Joto lingebaki juu, au lingefika 38, angepewa rufaa siku hiyohiyo.

*Kuacha polepole au mara moja?* Mama aliomba aache kidogo kidogo: mkono mmoja nje wiki hii, wa pili wiki ijayo. Kwa mtoto ambaye bado hajaanza kujigeuza, huo ni mpango mzuri na mimi huwashauri wengi hivyo. Kwa huyu nilikataa. Mtoto aliyefungwa akigeuka kifudifudi hana mikono ya kujiinua wala ya kusukuma blanketi usoni. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, uliounganisha tafiti nne za Uingereza, Australia na Marekani, ulikuta kwamba hatari ya kifo cha ghafla kwa watoto waliofungwa ilikuwa kubwa zaidi kwa waliolala kifudifudi, ikifuatiwa na waliolala ubavu, na iliongezeka kadiri umri ulivyopanda. Mtoto wetu alikuwa akilazwa ubavu, amefungwa, na sasa ameonyesha kwamba anaweza kumalizia mzunguko. Kwa hiyo kufunga kulikoma siku ile, usiku na mchana.

Hapa ndipo wazazi wengi hukosea kuhesabu. Wanasubiri mtoto ajigeuze kikamilifu ndipo waache. Ishara ni ile ya mkeka: miguu juu, kiuno kinafuata, bega linanyanyuka. Wengi huionyesha kati ya miezi mitatu na minne, wengine hata mwezi wa pili. Ule mshtuko wa uchanga nao huanza kufifia katika umri huohuo, kwa hiyo sababu ya kumfunga inapungua wakati hatari inaongezeka.

*Nyonga.* Nilipokunja magoti yake na kufungua mapaja, la kushoto lilikwama mapema kuliko la kulia. Peke yake hilo lisingenitisha sana. Lakini huyu ni wa kike, mzaliwa wa kwanza, na alitanguliza makalio. Yote matatu huongeza uwezekano wa kikombe cha nyonga kutokomaa vizuri. Ongeza wiki 12 za miguu kunyooshwa na kubanwa pamoja. Mkao huo hukisukuma kichwa cha paja kitoke kwenye kikombe chake, wakati magoti yaliyokunjwa na mapaja yaliyo wazi hukikalisha mahali pake. Japani walijifunza hili kama taifa. Mwaka 1975 walianzisha kampeni ya kuacha kuwanyoosha watoto miguu kwa nguo, na tatizo la nyonga kuteguka likapungua kwa kiasi kikubwa sana. Tulimwandikia rufaa ya ultrasaundi ya nyonga hospitali ya rufaa ya mkoa. Hatukusubiri, kwa sababu miezi ya mwanzo ndiyo ultrasaundi huonyesha vizuri na matibabu huwa mepesi.

*Kuzungumza na bibi.* Uamuzi huu ndio naupa uzito kuliko mingine. Nikizungumza na mama peke yake, namrudisha kwa mama mkwe akiwa na maneno ya nesi mdogo dhidi ya mtu aliyelea watoto saba. Mkwe hawezi kushinda hapo, na si haki kumtuma. Niliketi na wote wawili, nikaanza na lile bibi alilofanya vizuri: mtoto hakuwahi kupoa hata usiku mmoja katika baridi ile. Kisha nikamwomba yeye ndiye amlaze chali mjukuu wake mezani na atuambie anaona nini. Mtoto akainua miguu, akaipindua. Bibi akanyamaza kidogo, akasema, "Huyu ameshakua. Khanga haimtoshi tena." Sikuongeza neno.

Kuhusu matege nilimwambia ukweli: miguu ya mtoto mchanga huzaliwa imepinda kidogo, huendelea hivyo hadi anapotembea, kisha hunyooka yenyewe kwa wengi. Matege yanayobaki mara nyingi yana ugonjwa nyuma yake, kama upungufu wa vitamini D, na mkanda hautibu hilo. Kuhusu kupaliwa, mtoto mzima aliyelala chali anameza au kukohoa maziwa yanayorudi, kwani kwenye mkao huo njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula.

Usiku tatu za kwanza

Kumwambia mtu aache bila kumpa cha kufanya badala yake, kwenye nyumba yenye baridi ile, ni kumsukuma arudie. Tulipanga nao hivi: fulana, ovaroli ya mikono mirefu, sweta, soksi. Ndani ya nyumba kofia itolewe wakati wa kulala, kwa sababu kichwa ndicho kinachomsaidia kutoa joto lililozidi, na kofia ikishuka huziba uso. Alazwe chali, bila mto. Joto lipimwe kwa kugusa kifua au nyuma ya shingo, si viganja, maana viganja vya mtoto mchanga huwa vya baridi hata akiwa na joto la kutosha. Jiko la mkaa lipashe chumba jioni mlango ukiwa wazi, kisha litolewe nje kabla ya mtu yeyote kulala. Mkaa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inayoweza kuua nyumba nzima usingizini. Nilimwambia mama kwamba kati ya yote niliyoyasikia kuhusu chumba chao, jiko lilinitisha sawasawa na khanga.

Kitanda kilikuwa kigumu zaidi. Hawakuwa na kitanda cha mtoto. Kwa kuanzia, mtoto alihamishwa kutoka katikati, akalala upande wa mama peke yake, mbali na ukingo, nje ya blanketi la wakubwa. Wiki iliyofuata fundi seremala jirani akawatengenezea kitanda kidogo cha mbao chenye godoro jembamba, gumu, kikawekwa kando ya kitanda chao.

Usiku wa kwanza mtoto aliamka karibu kila saa. Usiku wa pili vivyo hivyo, na alfajiri bibi akamfunga tena, kifuani tu, mikono ndani. Bibi alipoenda kusali, mama alimfungua mtoto, akanipigia simu analia. Muhudumu wa afya wa kijiji alipita siku ileile. Aliwapa kitu kimoja cha kushika: mtoto akishtuka, bibi amwekee kiganja kifuani na kumkunjia mikono yake kwa upole hadi atulie, bila nguo. Bibi akapata kazi, mama akapata nafasi ya kulala kati ya kunyonyesha mara moja na nyingine. Mchana mtoto alibebwa mgongoni kwa mbeleko, magoti yamekunjwa, mapaja yamefunguka. Mkao huo unafaa sana kwa nyonga. Madaktari wa mifupa walioandika kutoka Malawi mwaka 2015 walihusisha uchache wa tatizo la nyonga huko na desturi hii ya kubeba mgongoni. Usiku wa tano alilala saa tatu mfululizo.

Matokeo

Homa haikurudi. Harara zilikauka ndani ya wiki. Uzito, ambao ulikuwa umepunguza kasi kati ya wiki ya 6 na ya 12, ulipanda vizuri zaidi. Maelezo yangu ni kwamba sasa aliamka kunyonya usiku na mikono yake ilionyesha njaa mapema, ingawa kwa mtoto mmoja siwezi kudai zaidi ya hapo.

Ultrasaundi ya wiki ya 14 ilionyesha kikombe cha nyonga ya kushoto hakijakomaa sawasawa, lakini kichwa cha paja kilikuwa mahali pake. Daktari wa mifupa aliamua kumfuatilia bila mkanda wa tiba, miguu iwe huru. Kipimo cha wiki ya 20 kilikuwa bora. Picha ya eksirei ya mwezi wa sita ilionyesha nyonga zote mbili ziko sawa, na amepangiwa kuonwa tena akianza kutembea.

Uchambuzi

Kilichookoa maisha ya mtoto huyu usiku ule ni matiti kujaa. Haukuwa mpango wa mtu yeyote, na kwa hilo siwezi kusema mfumo wetu ulifanya kazi. Ulifanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi: hakuna aliyemkaripia bibi, hakuna aliyeandika "nguo nyingi" na kuwaruhusu waondoke, na nyonga zilikaguliwa japo si zilizomleta.

Je, kufunga ndiko kulikoharibu nyonga? Hatujui. Kutanguliza makalio kunatosha peke yake. Ninachoweza kusema ni kwamba mtoto mwenye vihatarishi vitatu hakupaswa kutoka wodini bila mama kuambiwa kwamba miguu yake isinyooshwe kwa nguo hata siku moja.

Mpango wetu wa siku ya kwanza nao ulikuwa na pengo. Tulimwandalia mtoto mavazi, chumba na mkao, lakini usiku wenyewe wa kilio tuliwaachia wao. Bibi hakurudia kufunga kwa ukaidi. Alirudia kwa sababu saa kumi alfajiri mtoto analia na yeye ana njia moja tu anayoijua. Ule ushauri wa kiganja kifuani ulipaswa kutoka kituoni, siku ya kwanza, na ziara ya nyumbani ilipaswa kupangwa kwa usiku wa pili.

Pengo kubwa zaidi liko kwenye kliniki za wiki ya 6 na ya 10. Mtoto huletwa kwetu, hufunguliwa mbele yetu, hufungwa tena mbele yetu. Ratiba ya chanjo inatukutanisha na kila mama katika umri uleule ambao kufunga kunapaswa kurekebishwa na kisha kukoma, lakini macho yetu yote yapo kwenye sindano.

Tulichobadilisha

Wiki ya 6 tunamwomba mama amfunge mtoto kama anavyofanya nyumbani, nasi tukitazama. Nguo iwe moja, nyepesi, ya pamba. Iishie mabegani. Vidole viwili viingie kati yake na kifua. Kuanzia kiunoni kushuka iwe legevu kiasi cha magoti kukunjika na mapaja kufunguka. Mtoto alazwe chali, na asifungwe kabisa kama analala kitanda kimoja na mkubwa.

Wiki ya 10 tunamlaza mezani bila nguo ya kufunga na kusubiri dakika moja. Akiinua miguu na kuipindua, kufunga kunaisha siku hiyo. Asipofanya hivyo, mama anaanza kuacha mkono mmoja nje, na anajua ishara ya kusubiri. Wiki ya 14 tunauliza tu kama ameacha, na usiku ukoje. Jibu la swali hilo la pili ndilo linalotuambia nani anahitaji kutembelewa nyumbani.